Barabara Mpya, Ardhi ya Mkulima na Kalamu ya Karani



Kwa muda sasa zimetufikia barua kutoka kwa wenzetu walio kazini Dodoma na katika wilaya za jirani, na karibu zote zauliza neno moja: Je, yafaa mtumishi wa Serikali kununua shamba la mkulima katika kijiji ambacho barabara mpya itapita? Wengine wauliza kwa sababu wamekwisha kununua, na sasa wenyeji wawanung'unikia; wengine kwa sababu wataka kununua na mioyo yao yasita. Hatukuona vema kuwajibu mmoja mmoja faraghani, maana jambo hili lagusa heshima yetu sote tuishikao kalamu ya Serikali. Basi leo twalisema mbele ya wote, na asiyekubaliana nasi na aandike, nasi tutayachapa maneno yake kama alivyoyaandika.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi mambo yalivyofika hapa. Mji wa Dodoma ulikua kwa sababu ya njia. Wadachi walianza kuijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, nayo ikafika Kigoma mwaka 1914, na katikati ya safari hiyo ndefu Dodoma ikawa stesheni, kisha boma, kisha mji. Mwezi wa Oktoba 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie huko, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo watu waliizoea kwa jina la CDA. Kwa miaka zaidi ya arobaini shauri hilo lilikwenda mwendo wa kobe. Kisha, Julai 2016, Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali yote itahamia Dodoma. Waziri Mkuu alihamia Septemba ya mwaka ule. CDA ilivunjwa Mei 2017. Dodoma ikatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Na mwaka 2019 wizara zikaanza kufanya kazi katika Mji wa Serikali pale Mtumba. Julai 2024 treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ilianza kuwafikisha abiria Dodoma. Iko pia barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3, ipitayo Mtumba, Veyula, Nala na Matumbulu, na uko mradi wa kiwanja cha ndege cha Msalato.

Mambo haya ni mema, nasi si watu wa kuyalaumu. Mgonjwa wa kijijini afika hospitali kabla hajazidiwa. Mwenye zabibu au karanga azifikisha sokoni siku ileile. Mtoto aenda shule bila kuzuiwa na korongo lililojaa maji. Tena sisi wenyewe tulihamishwa kwa amri, wengi wetu tukiacha nyumba zetu pwani, na hapana mtu awezaye kutulaumu kwa kutafuta mahali pa kuwalaza watoto wetu. Kutafuta kiwanja si dhambi. Tuliyokusudia kuyapima leo ni jinsi kiwanja kipatikanavyo.

Tuitazame ardhi yenyewe. Shamba lililo kando ya kijiji halibadiliki kwa sababu mhandisi amepigilia vigingi vyake. Udongo ni uleule mwekundu. Mvua ni ileile ya msimu mmoja, ianzayo Desemba na kukoma Aprili, na mwaka mwingine isiyotosha. Mtama na uwele ni uleule. Lakini bei yapanda. Ni nani basi aliyeipandisha? Si muuzaji, maana hakufanya lolote. Wala si mnunuzi, maana naye hakufanya lolote. Iliyoipandisha ni barabara, na barabara imejengwa kwa fedha ya umma, na mikopo ambayo umma utailipa. Katika fedha hiyo imo kodi ya mwanamke wa kijijini anunuapo sabuni na chumvi. Kwa hiyo thamani ile mpya ni mali iliyotokana na jasho la wengi, na swali letu ni hili: yaingia mfukoni mwa nani?

Tufanye hesabu kidogo, kama makarani. Hatusemi kwamba ndiyo bei ya kijiji fulani. Twataka tu kuonyesha njia. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ondoa theluthi moja kwa ajili ya mitaa na nafasi za wazi; zabaki kama 2,700, ambazo zatosha viwanja vinne vya mita 20 kwa 30, na ziada kidogo. Tuseme mkulima ameiuza ekari hiyo kwa shilingi 1,000,000. Barabara ikipita, na viwanja vikiisha kupimwa, tuseme kila kimoja chauzwa kwa shilingi 3,000,000. Jumla ni 12,000,000. Toa gharama za upimaji na za dalali, hata ukizikadiria kuwa milioni mbili; zabaki milioni kumi. Mkulima, ambaye baba yake aling'oa visiki vya shamba lile, amepata sehemu moja. Mtu aliyelishika kwa miaka miwili bila kulipiga jembe amepata faida ya mara tisa ya fedha aliyoitoa.

Mtu atasema, "Hiyo ndiyo biashara. Muuzaji aliuza kwa hiari yake, mbele ya mashahidi." Twajibu: hiari haiwezi kuwa kamili pasipo habari. Na hapa ndipo neno linapotuhusu sisi. Mfanyabiashara wa mjini hubahatisha. Akipata amepata, akikosa amekosa. Lakini karani habahatishi. Ramani hupita mezani petu kabla haijafika kijijini. Sisi ndio tunaoandika barua zake, tunaozifungua faili zake, tunaopiga chapa orodha ya vijiji vitakavyopitiwa, tunaopanga safari za wapima na wathamini. Tunapotoka ofisini jioni, tukaenda kijijini tukiwa na habari ile kichwani, tukamwambia mzee wa watu kwamba shamba lake ni pori tu wala halina faida, hatujafanya biashara. Tumechukua siri tuliyokabidhiwa na Serikali, tukaifanya mtaji wetu wenyewe. Jina la jambo hilo twalijua, ijapokuwa hapana sanduku lililovunjwa.

Tujipime kwa mizani yetu wenyewe. Waraka wa mishahara au wa kupandishwa vyeo ukifichwa na mkuu wa ofisi mpaka siku za kuomba zimepita, sisi hulia na kusema tumedhulumiwa. Hatukubali mkuu huyo ajibu kwamba hakuna aliyetuzuia kuuliza. Basi tunachokiita dhuluma kinapotupata sisi, tukiiteje kinapompata mkulima?

Yatupasa pia kumjua mtu huyo anayeuza. Mgeni apitaye katika nchi ya Wagogo huona nyika, mibuyu na ng'ombe wachache, akadhani ardhi ile haina mwenyewe. Sivyo. Katika nchi yenye mvua haba, jamaa mmoja huhitaji mashamba zaidi ya moja, mahali hapa na pale, ili mvua ikikosa huku ipatikane kule. Na shamba lililopumzishwa ndilo malisho ya mwaka huu na mtama wa mwaka kesho. Kuliita pori ni kutojua kusoma. Tena miaka ya 1970 na 1971 watu wengi wa mkoa huo walihamishwa wakakusanywa vijijini katika Operesheni Dodoma, hata baadhi ya mashamba ya leo yana historia ya watu wawili au watatu: aliyehamishwa, aliyepewa, na mtoto wa mmoja wao anayedai.

Na mkulima huuza lini? Mara nyingi huuza katika miezi ya njaa, akiba imekwisha na mavuno hayajafika. Au mgonjwa yuko kitandani. Au mtoto ameitwa shule. Anayeuza wakati huo haangalii bei ya mwaka ujao, huangalia chakula cha kesho. Wazee walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mwenye njaa hana nafasi ya kuchagua mkeka. Fedha huisha kabla ya mvua, na mwaka ufuatao mtu yule huonekana akiomba kibarua cha kulinda shamba lililokuwa lake. Hapo ndipo chuki dhidi ya watumishi huanza, na hudumu kuliko nyumba tuliyoijenga.

Wako wasemao kwamba sheria haikatazi, basi yaliyobaki ni maneno ya wahubiri. Haya, tuitazame sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliifanya ardhi ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma, na badiliko la mwaka 1928 likatambua haki ya wenyeji waliokuwa wakiitumia kwa desturi zao. Mwaka 1958, mkoloni alipotoa shauri la watu kumiliki ardhi moja kwa moja kama mali ya biashara, Mwalimu Nyerere alilipinga kwa maandishi. Alionya kwamba ardhi ikigeuzwa kuwa bidhaa, wachache wenye fedha wataishika na wengi watakuwa wapangaji katika nchi yao. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, umiliki wa namna hiyo uliokuwapo ukageuzwa kuwa ukodishaji kutoka Serikalini. Sheria za mwaka 1999, yaani Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zilizoanza kutumika Mei 2001, zilishika msingi uleule kwamba ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Lakini zikakiri pia kwamba haki katika ardhi ina thamani, na thamani hiyo lazima ihesabiwe katika kila shughuli inayoihusu. Maana yake ni kwamba hata shamba lisilo na nyumba wala mwembe si kitu cha bure.

Tena, katika ardhi ya kijiji, haki ya kimila haitoki mkono kwa mkono gizani. Halmashauri ya kijiji ina neno lake, na mkutano mkuu wa kijiji una neno lake katika ugawaji. Karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti, iliyoandikwa juu ya boneti ya gari na kushuhudiwa na dalali, si hati, hata ikiwa mnunuzi ametoa ile asilimia kumi ambayo watu wameifanya desturi. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume kuuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mkewe. Hata hivyo mauziano mangapi yamefanywa huku mama mwenye nyumba yuko kisimani? Sisi tulio mahodari wa kuzirudisha barua za watu kwa kukosa sahihi moja, twawezaje kununua mahali pa kuishi bila kutaka sahihi zilizo lazima?

Liko na jambo la fidia. Sheria yasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za mwaka 2001 zimetaja sehemu zake: thamani ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara, na ikicheleweshwa kupita miezi sita, riba yaongezwa. Mkulima asiyeyajua haya hushukuru akipewa chochote. Na mnunuzi ayajuaye hununua shamba wiki chache kabla ya mthamini kufika, ili fidia iandikwe kwa jina lake. Ikiwa yupo miongoni mwetu afanyaye hivyo, na ajue kwamba gazeti hili halitamtetea.

Twataka pia kuwaonya wanachama kwa ajili ya mifuko yao wenyewe, maana si kila barabara iliyochorwa hujengwa upesi, wala si kila ahadi huwa bandari. Bagamoyo ulitiwa sahihi mkataba wa awali wa bandari kubwa mwaka 2013, na jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015; lakini mwaka 2019 Rais Magufuli alieleza hadharani kwamba masharti ya mradi hayakubaliki. Mtu aliyekopa kwa dhamana ya mshahara ili anunue ardhi kwa kutumainia ahadi ya namna ile hukatwa fedha kila mwezi, hali shamba limelala. Na hata barabara inapojengwa, hatari ipo: Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza upana wa hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 45 hadi 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Anayekimbilia kujenga karibu na lami bila kupima aweza kuamka akakuta ukuta wake umechorwa alama ya X.

Basi twatoa shauri letu, na twaomba lijadiliwe katika kila tawi.

Kwanza, mwanachama ambaye kazi yake humwonyesha mpango wa barabara, reli, maji au upimaji kabla haujatangazwa asinunue ardhi mahali hapo, yeye wala mkewe wala ndugu yake kwa fedha yake, mpaka mpango huo uwe umetangazwa kijijini.

Pili, mwanachama anayenunua katika ardhi ya kijiji afanye hivyo mchana, mbele ya halmashauri ya kijiji, mke wa muuzaji akiwapo na akiulizwa, na maandishi yasomwe kwa sauti katika lugha ambayo wote waifahamu.

Tatu, tununue kiasi cha kujenga na kulima, si kiasi cha kulaza. Ekari ishirini za karani asiyekuwa na ng'ombe hata mmoja zina maana moja tu, na kila mtu kijijini aijua.

Nne, tuweke akiba pamoja. Chama cha akiba na mikopo cha watumishi chaweza kuomba viwanja vilivyopimwa kwa njia ya halmashauri, kwa bei iliyo wazi, na fidia ya wenyeji ikiwa imelipwa kwanza. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hakina laana ya mtu ndani yake.

Tano, na hili twalipenda kuliko yote, tuitumie elimu yetu kwa faida ya kijiji. Sheria ya mwaka 1999 yampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, mume na mke wakiandikwa pamoja. Wengi hawajaipata kwa sababu hapana wa kuwajazia fomu, kuwaeleza mipaka na kufuatilia faili wilayani. Sisi fomu ndiyo kazi yetu. Jumamosi mbili kwa mwezi za makarani watano zaweza kulinda mashamba mengi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari tunalijua.

Kwa Serikali nasi twaomba mambo mawili. Ramani ya kila mradi ibandikwe katika ofisi ya kijiji siku ileile inapokubaliwa, ili siri isiwe bidhaa. Na fidia ilipwe kabla ya katapila kufika, maana mkulima anayengoja fidia kwa miaka, hali amekatazwa kupanda mazao ya kudumu, hulazimika kumuuzia wa kwanza ajaye na fedha mkononi.

Twajua kwamba wengine watakasirika, wakisema sisi wahariri twawafungia wenzetu mlango wa riziki ambao wakubwa wao wanaupita wazi. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, nasi hatusemi kwamba wakubwa wote ni safi. Lakini chama kisichojikanya hakina kinywa cha kuwakanya walio juu. Tukitaka kuandika siku moja kwamba mkubwa fulani amejigawia ardhi ya kijiji, lazima mikono yetu iwe mitupu siku hiyo.

Wengi wetu tulisomeshwa na mashamba: baba aliuza magunia ya karanga, mama akauza kuku, mjomba akatoa mbuzi, na jembe likatufikisha kwenye kalamu. Shamba analoliuza mzee wa Nala au wa Matumbulu leo ndilo lingemsomesha karani wa kesho. Matawi na yakutane, yalijadili shauri letu, na majibu yatufikie kabla ya toleo lijalo, ili mkutano mkuu uyapigie kura.

Mhariri